Kuni Zilizokataliwa na Mchwa

Atlabara, Juba
9 Februari 2025

Kwa mwanangu Christabel,

Nakusalimu kwa afya niliyo nayo, ambayo inatosha. Kule nyumbani New Site tuko salama. Kuku watatu wamekufa na vifaranga wawili wameanguliwa, kwa hiyo tumepungukiwa na mmoja tu. Jirani yetu Scovia amenunua mbuzi, na mbuzi huyo amekula pazia la kanisa. Padri amesema ni ajali.

Simu yangu haijafufuka tangu ilipotumbukia kwenye sufuria ya maharage. Usinitumie nyingine. Nimegundua kwamba mtu asiye na simu hutafutwa na wenye shida ya kweli tu. Ukiwa na neno, liandike umpe Aloysius, kondakta wa basi, akipita Eldoret. Nami nitakujibu kwa Kiswahili tulichokichukua Kitale wakati wa ukimbizi, maana Kiarabu cha hapa hukiandiki, na Kiingereza chako kinanichosha.

Hoteli yangu inaendelea. Wanafunzi wa chuo wanakula, walimu wao wanakula, na wote wanakuja kwa sababu ya kudra. Kudra yangu, kama unavyojua, siri yake ni chumvi ya majivu. Bila matone ya maji ya majivu mboga hiyo haivutiki, inabaki majani yaliyochemshwa. Tabu ni kwamba mabua ya simsim niliyokuwa nikichoma hayafiki tena, barabara ya kwetu imekuwa ya kuombea. Nilikaribia kununua magadi ya dukani, jambo ambalo bibi yako angefufuka kulizuia.

Sasa kuna mtu anaitwa Lado. Ni fundi, yuko na kikosi kinachosimamisha nguzo za umeme huko New Site. Nguzo ikizidi urefu wanaikata, na vipande anavileta hapa hotelini kila Jumamosi kwa toroli. Sikumwomba. Ni mti mzuri, una rangi ya kijani, na unashika moto upesi. Vipande vya kwanza vimelala nyuma ya jiko tangu Novemba na mchwa hawajavigusa. Mchwa wa Juba unawajua. Wamekula mlango wa choo, wamekula cheti changu cha ubatizo. Mti huu wameukataa. Nauchanganya na kuni za kawaida, majivu nayachuja katika chungu kile kile cha matundu, na chumvi yake ni kali, tone moja linafanya kazi ya matatu.

Nakutumia chupa moja. Ile ya Krismasi uliisahau mezani. Nilisema ni haraka ya basi.

Mamako mdogo,
Teresina


Eldoret
2 Machi 2025

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Huku nikimwamkia mtu hivyo ananiuliza kama natoka Mombasa, lakini wewe nitakuamkia. Baridi ni ile ile. Mwenye nyumba amepaka ukuta rangi ya waridi, na hakuna mpangaji aliyeulizwa. Kazini bado mimi ni fundi wa maabara, yaani ndimi ninayeosha vyombo na kuandaa dawa ili wanafunzi waziharibu.

Chupa yako ilifika nzima. Nina jambo la kuungama. Kila muhula wanafunzi hupewa chupa kumi zisizo na jina, watambue kilichomo. Somo la safari hii lilikuwa anioni zenye oksijeni, yaani chembe za chumvi zenye chaji hasi, na chupa moja ilivunjika. Nikaweka yako. Ilikuwa namba saba.

Nitakueleza kwa jiko lako mwenyewe. Weka mafiga matatu. Kila figa ni oksijeni, na katikati, pale penye moto, amekaa kaboni. Hiyo ndiyo kaboneti, na ndiyo inayolainisha kudra. Ina chaji hasi mbili, na mafiga yote matatu yanazibeba sawasawa, hakuna figa linaloweza kusema hii ni yangu peke yangu. Wanafunzi walitia asidi, ikatoa povu, wakaandika kaboneti. Wako sahihi.

Sasa weka sufuria juu ya hayo mafiga. Una oksijeni nne, tatu chini na moja juu. Salfeti imekaa hivyo, na moto wake ni salfa. Fosfeti imekaa hivyo pia, moto wake ni fosforasi, na chaji yake ni tatu. Salfeti tuliipata kidogo. Halafu tukatia dawa iitwayo molibdeti, tukapasha moto, na namba saba ikageuka manjano iliyoiva, manjano kuliko chupa zote. Hiyo ni alama ya fosfeti. Profesa mwenyewe alisaini.

Kwa hiyo naandika kama fundi: chumvi yako ina fosfeti kwa wingi. Fosfeti hujenga mifupa na meno, na nguvu yote ya mwili husafiri ndani yake. Bibi alikuwa mkemia, ila hakuwa na koti jeupe.

Nimebaki na nusu chupa. Kilichoingia maabara hakirudi jikoni, kwa hiyo niko pale pale pa Krismasi, bila chumvi. Na nikuulize: nguzo za New Site zinaisha lini? Mtu wa toroli, kila Jumamosi, bila kuombwa. Nauliza tu.

Mwanao,
Christabel


Atlabara, Juba
6 Aprili 2025

Kwa mwanangu Christabel,

Salamu kutoka kwetu wote, na Scovia anasema umenenepa kwenye picha. Mbuzi wake ana mimba. Barua yako ilifika na alama ya kikombe cha chai. Aloysius anasema si yeye.

Ukurasa wa pili nimeutundika ukutani hotelini. Lado ameutengenezea fremu kwa ule mti wake, ili mchwa wasiufikie. Nje nimeandika kwenye ubao: KUDRA YENYE FOSFETI. Kuna mwalimu mmoja wa sayansi anayekula hapa. Aliusoma ukurasa wote, akasema, "Sawasawa," akaongeza sahani ya pili. Tangu hapo watu hawaulizi tena kama kuna nyama.

Nguzo haziishi. Umeuliza, nimejibu.

Lado ana goti bovu, alianguka juu ya nguzo miaka ya nyuma. Niliposoma habari ya mifupa nikaanza kumpa kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Mimi pia nakunywa, nusu yake, maana si adabu mtu anywe dawa peke yake. Anakunja uso kisha ananiambia, "Mama Teresina, hii kitu inaenda mpaka ndani ya mufupa. Mimi iko nasikia." Ni mtu asiyelalamika. Wiki ya kwanza ya Kwaresima alinibebea maji siku zote saba.

Afya yangu ni nzuri. Tumbo limenisumbua kidogo, ni maji ya msimu huu. Kucha zangu zimepata mistari myeupe ya kukata upana, zote kwa pamoja, Lado pia anayo, tunacheka kwamba tumepakwa rangi na fundi mmoja. Nyayo zinanichoma, lakini viatu ni vipya.

Umepata mtu huko? Nauliza tu.

Mamako mdogo,
Teresina


Eldoret
4 Mei 2025

Mama Mdogo,

Usinywe tena. Usimpe Lado. Usitie kwenye mboga. Usichome hata kipande kimoja cha ile miti.

Sasa nakuamkia. Shikamoo. Mimi ni mzima.

Barua yako imenifikia Jumatano. Tangu juzi nimepiga simu ya Scovia mara tisa. Mara ya kwanza alisema uko sokoni. Mara ya nne alisema uko kanisani, na haikuwa siku wala saa ya ibada. Mara ya tisa nilikusikia kwa masikio yangu ukimwambia aseme uko kanisani. Maneno yale manne ya juu nilikuwa nimempa Scovia mara ya nane. Akasema, "Mimi itamwambia, lakini yeye hapana penda simu." Kwa hiyo naandika.

Ni kucha. Nilikuwa nikiisoma barua yako huku nikicheka mpaka nilipofika kwenye kucha. Mistari hiyo imo katika kitabu changu cha mwaka wa pili, pamoja na picha. Nikaenda kutoa namba saba kabatini.

Ile manjano ya Machi haikuwa uongo, ila haikuwa ushahidi. Molibdeti hutoa manjano kwa fosfeti, na hutoa manjano ile ile kwa kitu kingine kiitwacho arseneti. Nilifundishwa hivyo. Kipimo cha kuzitenganisha ni nitreti ya fedha: fosfeti hubaki manjano, arseneti hugeuka rangi ya chokoleti. Hatukukifanya, kwa sababu dawa hiyo ni ghali na profesa huifungia, na kwa sababu ilikuwa chumvi yako na mimi nilitaka iwe nzuri. Safari hii niliomba ufunguo. Nikaondoa kwanza kaboneti na chumvi ya kawaida, nikadondosha. Ilikuwa chokoleti. Nikarudia mara tatu. Mashine ya maabara nyingine imesema hivyo hivyo.

Arseneti ni mafiga yale yale matatu na sufuria ile ile. Chaji ni tatu, kama fosfeti. Kinachotofautiana ni moto wa katikati: badala ya fosforasi yupo arseniki, na arseniki ni sumu. Nguzo zile zimelishwa dawa ya arseniki, kromu na shaba ili mchwa wasizile, na ile kijani ndiyo hiyo. Nguzo ikisimama barabarani haina ugomvi na mtu. Ukiichoma, arseniki inabaki kwenye majivu, nawe unaichuja kwa maji. Mwili una milango ya fosfeti, na mlinzi wa mlango hutazama umbo tu. Arseneti ikija anaona sura anayoijua, anaifungulia.

Mchwa waliokula cheti chako cha ubatizo walikataa mti huu. Uliniandikia hilo Februari kwa mkono wako. Niliona ni kichekesho.

Neno fosfeti nililiandika mimi, na wewe ulipima kijiko kwa neno langu. Kosa ni langu, na ninaogopa.

Nendeni hospitali wote wawili, leo, na barua hii mkononi. Majivu yote yatie kwenye pipa lenye kifuniko, yasimwagwe bustanini wala karibu na kisima. Na ile fremu usiichome.

Mwanao,
Christabel


New Site, Juba
8 Juni 2025

Kwa Christabel,

Barua nimeipata. Hatujambo. Mvua inanyesha kwa adabu mwaka huu. Kuku wamefika saba. Mbuzi wa Scovia amezaa mapacha, mmoja ana jicho jeupe. Padri amenunua pazia jipya akalitundika juu zaidi. Leo, Jumapili ya Pentekoste, wamebatizwa watoto kumi na mmoja, na mmoja aitwaye Rejoice amelia mpaka maji yakaisha kwenye beseni. Hoteli imefungwa kwa matengenezo. Hakuna kinachotengenezwa.

Kuni nimeacha. Kijiko nimeacha. Majivu yako kwenye pipa, na juu yake nimeandika SI CHUMVI kwa lugha tatu, kwa sababu watu wa hapa huonja kwanza ndipo wasome.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Imeandikwa vizuri. Ile ya kwanza pia iliandikwa vizuri. Neno lako nililitia kwenye fremu, nikasimama chini yake nikipakulia watu chakula. Nimekukasirikia, Christabel, na sitalizungusha hilo.

Kuna pia jambo la pili. Umeandika kwamba kuna kitu kinachoingia kwa sababu kimefanana na mwenye nyumba. Mlinzi anaona sura anayoijua, anafungua, kumbe kilichoingia ni sumu. Mimi niliingia nyumba ya dada yangu Janet, mama yako, wiki ile ile tuliyomzika Kitale. Ulikuwa na miaka minne. Sura yangu na yake ilikuwa moja, na sauti hivyo hivyo. Ulikuja ukashika gauni langu ukaniita mama. Hakuna aliyekusahihisha. Nami sikukusahihisha, karibu mwaka mzima. Nimeishi na jambo hilo bila kujua kwamba lina jina katika kemia. Asante kwa kunifundisha.

Usimpigie Scovia. Anatumia chaji ya simu yake kwa mambo ya mbuzi.

Teresina


Eldoret
22 Juni 2025

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Nyumba ya waridi imeanza kumenyeka, na mwenye nyumba anasema ndiyo mtindo wake.

Umetaja kuku, mbuzi, mapacha wa mbuzi, jicho la mbuzi, pazia, na mtoto aliyelia. Hukumtaja Lado. Tangu Februari hujaniandikia barua isiyo na Lado. Yuko wapi?

Niliomba ruhusa nije, nikaambiwa mpaka mitihani iishe. Hasira yako naipokea, sina pa kuipeleka kwingine. Lakini somo sikulimaliza, nawe umelisoma nusu.

Nilikueleza mlango tu. Baada ya mlango kuna kazi. Fosfeti ikiingia, mwili huifunga kwenye sukari na kwenye vitu vyote vinavyobeba nguvu, na kifungo hicho hushika. Hukaa mpaka siku kitakapohitajika. Arseneti nayo hufungwa pale pale, kwa namna ile ile, lakini ikiguswa na maji kifungo chake hukatika papo hapo, na kazi yote inakuwa bure. Wanajulikana hapo, Mama Mdogo. Mlangoni wote ni sawa.

Nilipougua homa ya matumbo nikiwa na miaka sita, ulinibeba mgongoni mpaka zahanati, ukakuta wamefunga, ukanirudisha, ukanibeba tena jioni. Hukukatika hapo. Hukukatika nilipokataa shule, wala nilipokuja Eldoret na wewe ukarudi Juba. Ni miaka ishirini na sita.

Na nikuambie nisilowahi kusema. Nilijua. Wiki ya pili tu nilijua. Mama alinisuka kuanzia kulia, wewe ulianzia kushoto, kwa mkono wako wa kushoto, ukivuta kuliko yeye. Nilikaa kimya nikaendelea kukuita mama, kwa sababu niliogopa kwamba ukijua najua, utaondoka. Hukunidanganya wewe. Nilikufungulia mwenyewe.

Niambie Lado yuko wapi.

Mwanao,
Christabel


Atlabara, Juba
17 Agosti 2025

Kwa mwanangu Christabel,

Nakusalimu nikiwa nimekaa, kwa sababu daktari amesema nikae, si kwa sababu siwezi kusimama. Kuku ni tisa. Jicho la yule mwanambuzi limekuwa zuri, ilikuwa uchafu tu.

Lado alianguka tarehe ishirini na sita Aprili, na toroli mkononi, hapo mlangoni kwangu. Alisema hasikii ardhi. Tulimbeba kwa bodaboda, mimi nyuma nimemshika, mpaka hospitali. Walitibu malaria, kisha taifodi. Ulipopiga simu ya Scovia mara ya nne nilikuwa wodini. Nilimkataza asitaje hospitali, akataja kanisa, ndipo akili yake ilipofika.

Sasa nitaandika jambo lililonichukua miezi mitatu. Kule wodini nilikuwa nikimpa kijiko. Nilikuwa nimeongeza, viwili asubuhi na viwili jioni, ili apate nguvu. Scovia alikuja mbio na maneno yako manne wakati kijiko kiko karibu na mdomo wake. Nilikwenda kukimwaga chooni, na chupa pia. Nikarudi nyumbani kubadili nguo, simu ya Scovia ikalia, ulikuwa wewe, mara ya tisa. Sikuwa na sauti ya kukuambia nilichokuwa nakifanya dakika chache kabla. Kwa hiyo nilikuwa kanisani. Ile hasira ya Juni ilikuwa yako kidogo na yangu nyingi, lakini wewe ndiye uliyekuwa na anwani.

Barua yako ya Mei nilimpa daktari. Amekulia Nakuru, alisoma Kiswahili chako bila kituo, akaangalia kucha za Lado, akaangalia zangu, akasema, "Mama, huyu msichana wako ameiva. Sisi tulikuwa tumepotea." Vipimo vilikwenda Kampala vikarudi jinsi ulivyosema. Akasema dawa kubwa ni kuacha, nyingine ni kungoja. Mimi nywele zilitoka na zimeanza kurudi. Lado wiki tano hakusimama.

Nilimweleza mwenyewe, kila kitu, pamoja na vile vijiko vya wodini. Nilitegemea anifukuze. Alijivuta akaegemea mto. Kisha akasema, "Kuni mimi ndio ilileta. Kijiko wewe ndio ilileta. Jina, ile mutoto yako ndio ilileta. Tuko watatu. Sasa mimi takasirikia nani?" Akaomba maji. Nililia hapo mbele ya wodi nzima, na mama wa kitanda cha pili akanipa leso.

Anatembea. Alianza na fimbo mbili, sasa ni moja. Anasema sakafu anaisikia kama mtu anayeongea chumba cha pili.

Hoteli nimefungua. Siku ya kwanza, kabla ya kupakua, niliwasomea wateja barua ya Mei kwa sauti, nikawaambia mwenye kucha zenye mistari amwone daktari. Wanne walikwenda. Watatu hawana kitu, mmoja anafuatiliwa, na anaendelea vizuri. Wawili waliacha kuja, sina neno nao. Yule mwalimu wa sayansi alisoma barua ya Mei akasema, "Sawasawa." Hakuongeza sahani.

Jumamosi iliyopita Lado alikuja na toroli, anaisukuma polepole kwa sababu ya fimbo. Ndani yake mlikuwa na mabua ya simsim. Shemeji yake ameyapitisha, barabara imetulia kidogo. Sikumwomba. Amesema pia kwamba Novemba angependa kuja na wazee wake kuzungumza, nami nimemwambia Novemba ni mbali kwa mtu wa goti moja, aje Oktoba. Utakuwepo. Mitihani yako itakuwa imeisha.

Nakutumia chupa ya majivu ya simsim. Ipime kwa fedha, usiogope ufunguo wa profesa. Mpaka utakapojibu napika kudra bila kitu. Watu wanakula majani yaliyochemshwa na hakuna anayelalamika, jambo ambalo limeniumiza.

Fremu ya Lado bado iko ukutani, mchwa hawajaigusa. Barua yako ya kwanza sikuitoa. Ya Mei nimeitundika kando yake ili watu wasome zote mbili kwa mpangilio. Walipouliza kama kuna ya tatu nikatundika na ya Juni, kuanzia kwenye mlango mpaka kwenye kifungo kinachoshika, kwa sababu inafundisha. Kuanzia kwenye zahanati na kushuka nimekata kwa mkasi. Hiyo ninayo mimi. Haiwahusu wateja.

Mama yako,
Teresina